Sauti Imepasukia Wapi?

Mwenye shughuli akimfuata fundi mitambo na kumwambia sauti inapasuka, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye volumu ya amplifaya. Mara chache inasaidia. Mara nyingi sauti inakuwa ndogo na bado inakwaruza vilevile. Matokeo hayo yenyewe ni ushahidi: kama umeshusha mwisho wa njia na mkwaruzo umebaki, basi sauti iliharibika kabla haijafika hapo, na hakuna kitufe mbele yake kitakachoirudisha kama ilivyokuwa.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu vitu vitano au sita visivyofanana vinabebeshwa lawama moja, na kila kimoja kina mahali kinapoingilia na dawa yake. Anayevichanganya hununua spika mpya kumbe kosa liko kwenye kisambazi cha maiki isiyo na waya, au humgombeza mwimbaji kumbe jenereta ndiyo imechoka.

Kwanza tutenganishe aina mbili kubwa. Aina ya kwanza hubadilisha uwiano wa sauti bila kuongeza kitu. Mfano wake ni simu. Simu za mezani zilipitisha masafa ya kati ya Hz 300 na Hz 3,400 tu (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Sauti ya mwanamume mtu mzima msingi wake uko kati ya Hz 85 na 180 hivi, kwa hiyo msingi wote ulibaki nje, na bado ulimtambua baba mdogo alipotamka neno la kwanza. Sikio huujenga upya msingi huo kutokana na masafa ya juu yaliyobaki. Spika iliyo hafifu upande wa besi, maiki yenye ukali wa juu, pazia zito lililofunika twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu: yote ni ya aina hii. Ekwalaiza, yaani vitufe vya kupandisha na kushusha masafa, inaweza kuyarekebisha, ilimradi kilichopungua hakijakatika kabisa.

Aina ya pili huongeza vitu ambavyo havikuimbwa wala kupigwa, na vikishaingia havichujiki. Hii ndiyo inayostahili jasho lako.

Chanzo chake kikubwa ni kukatwa kwa vichwa vya mawimbi. Amplifaya inayolishwa volti 35 chanya na volti 35 hasi haiwezi kutoa volti 40 hata ikilazimishwa. Wimbi likitaka kupanda zaidi, kichwa chake kinakuwa bapa. Na wimbi lenye kichwa bapa si lile la awali lililopunguzwa, ni wimbi jipya. Ingiza toni safi ya Hz 1,000, kata vichwa vyake vya juu na vya chini kwa usawa, na utatoka na Hz 3,000, Hz 5,000, Hz 7,000 na kuendelea, juu ya ile Hz 1,000 uliyoingiza. Ukikata upande mmoja kuliko mwingine, zinaongezeka na Hz 2,000 na Hz 4,000. Ziada hizi mafundi huziita harmoniki. Ile ya Hz 2,000 haiudhi sana, maana ni noti ileile ngazi moja ya juu. Ya Hz 7,000 hailingani na noti yoyote ya kinanda kilichopangwa kawaida, ndiyo maana sikio huikataa hata ikiwa ndogo.

Wimbo hauna toni moja, na hapo mambo huharibika zaidi. Noti mbili zikipita pamoja mahali panapokata vichwa, huzaa tofauti zao na jumla zao, pamoja na zile za harmoniki zao. Chukua A ya Hz 440 na C kali ya Hz 554 kwenye kinanda. Zinazaa Hz 114, Hz 326 na Hz 668, na hakuna hata moja kati ya hizo inayolingana na kitufe cha kinanda. Sasa fikiria kwaya ya sauti nne pamoja na kinanda na gitaa la besi, vyote ndani ya amplifaya moja iliyozidiwa. Ndiyo maana mhubiri peke yake anavumilika, lakini kwaya ikisimama sauti inageuka uji. Fundi akiona hivyo asiilaumu kwaya. Wingi wa noti ndio umeufichua ugonjwa uliokuwepo tangu mahubiri.

Kuna madhara mengine ambayo wenye kumbi wengi hawayapimi. Irabu zina nguvu nyingi na ziko chini, ilhali s, sh, f na th ni hafifu na ziko juu, sehemu kubwa yake kuanzia Hz 3,000 kwenda mbele. Irabu zikikatwa vichwa, harmoniki zake huangukia kule kule zinakokaa konsonanti hizo. Ongeza mwangwi wa ukumbi wenye kuta za saruji, na mkia wa irabu moja unaifunika konsonanti inayofuata. Aliyekaa mstari wa nyuma anabaki kukisia kama mgeni amefika au ameshika. Fundi naye, akiona watu wanatega masikio, anaongeza sauti, na hali inazidi kuwa mbaya. Msibani na kwenye nasaha za ndoa, ambako kila neno lina mwenyewe anayelisubiri, huu ni uzembe mkubwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe, tuanzie kwenye maiki, maana ndiko kosa linakoanzia mara nyingi. Maiki ya kawaida ya kuimbia kama Shure SM58 hutoa kiasi cha milivolti 1.85 kwa sauti ya desibeli 94. Mwimbaji aliyeiweka mdomoni na kupaza anaweza kufika desibeli 120, ambayo ni shinikizo mara 20 zaidi, kwa hiyo maiki inatoa kama milivolti 37. Ukifungua gaini ya mikisa, yaani kitufe kinachokuza sauti inapoingia kwenye meza ya kuchanganyia, hadi desibeli 60, unazidisha mara 1,000: milivolti 37 zinadai kuwa volti 37. Saketi za mikisa za kawaida huishia karibu volti 10. Kichwa cha wimbi kimekatwa papo hapo, mlangoni, hata kabla ya feda, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Kwa gaini ya desibeli 30, sauti ileile inatoka volti 1.2 hivi, ambayo ndiyo kiwango ambacho mikisa za kazi zimeundwa kukifanyia kazi. Kosa lote liko kwenye kitufe kimoja kidogo cha juu kabisa, ambacho wengi wanakifungua mara moja asubuhi na kukisahau.

Utaratibu ni huu. Shusha feda zote na amplifaya, weka ekwalaiza katikati, rudisha gaini mwanzo. Mwite msemaji azungumze kwa nguvu atakayotumia kweli. Hapa pana mtego: mtu anayejaribu maiki kwa kusema "alo, alo, moja, mbili" hunong'ona, halafu muziki ukianza anapiga kelele. Kwa hiyo panda na gaini mpaka mita ya chaneli ikae karibu na sifuri anapopaza, kisha rudi nyuma desibeli 6 hadi 10 kama akiba. Taa nyekundu isiwake hata mara moja. Sasa weka feda ya chaneli kwenye sifuri, feda kuu kwenye sifuri, na mwisho kabisa ndipo upandishe amplifaya mpaka ukumbi utosheke. Wengi hufanya kinyume: amplifaya wazi hadi mwisho, feda kuu robo, gaini juu. Mpangilio huo unakupa sauti iliyokatwa vichwa pamoja na mvumo wa umeme.

Maiki zisizo na waya zina mlango wa ziada, na mlango huo ndio unaowapoteza mafundi wazuri. Kisambazi kilicho mkononi au kiunoni mwa msemaji kina gaini yake. Ikizidi, sauti inakatwa humo ndani, kisha inasafiri hewani ikiwa imekwisha kuharibika, na kwenye mikisa mita inaonyesha kiasi cha wastani bila nyekundu yoyote. Dalili ni hiyo hasa: mita iko chini, sauti inakwaruza. Tafuta kitufe cha unyeti kwenye kisambazi, mara nyingi ndani ya mlango wa betri, ukipunguze hatua moja moja. Kabla ya hapo badilisha betri, kwani kisambazi chenye betri dhaifu hukwaruza na kukatikakatika. Visanduku vya kuunganishia magitaa vinavyotumia betri ya volti 9 vina tabia ya jirani: betri ikiishiwa, noti laini zinapita safi na zile za nguvu zinapasuka.

Simu na kompyuta ni kosa la haraka. Soketi ya hedifoni inatoa hadi volti moja hivi, na mtu akiichomeka kwenye mlango wa maiki unaosubiri milivolti, mkwaruzo hauepukiki. Tumia mlango wa laini (LINE). Kama hakuna, bonyeza kitufe cha kupunguza desibeli 20. Na uzime nyongeza za besi ndani ya simu, kwa sababu nyingine hukata vichwa ndani ya programu yenyewe.

Kurekodi kidijitali kuna sheria moja: juu ya sifuri hakuna kitu. Hakuna akiba, hakuna kulainika, kichwa kinakatwa kwa kisu. Weka vilele kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri na uache. Programu za kurejesha vichwa vilivyokatwa zipo, lakini zinabuni umbo lililopotea, na kwa sauti iliyokatwa sana zinabuni vibaya.

Tukifika kwenye amplifaya, anza na namba zilizoandikwa mgongoni. Wati 100 kwa mkwaruzo wa asilimia 1 na wati 100 kwa mkwaruzo wa asilimia 10 si kitu kimoja. Asilimia 1 maana yake ziada ziko desibeli 40 chini ya sauti, na asilimia 10 ziko desibeli 20 tu chini, yaani muziki tayari umechafuka. Vifaa vingi vya bei rahisi hutangaza ile ya pili kwa sababu inaonekana kubwa. Maandishi ya PMPO, eti nguvu ya kilele, yasikushughulishe hata kidogo. Hayana kipimo kilichokubaliwa, na sabufa ya mezani inaweza kuandikwa maelfu ya wati huku inakula umeme wa balbu chache.

Halafu kuna jenereta. Amplifaya nyingi za transfoma nzito hazisawazishi volti zinazoingia. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, volti za ndani zinashuka kwa kiasi hichohicho, na nguvu hushuka kwa mraba wake: unabaki na asilimia 61 hivi. Amplifaya iliyotosha vizuri mchana kwenye umeme wa gridi inaanza kukata vichwa usiku kwenye jenereta, na mafundi wanatafuta kosa kwenye mikisa. Weka mita kwenye soketi wakati besi inapiga, si wakati wa ukimya. Ikiwa volti zinaruka chini kila ngoma ikigonga, tatizo umelipata: jenereta ndogo, au waya wa kuongezea mwembamba na mrefu mno.

Vilevile hesabu ukinzani. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake omu 4 itajilinda kwa kubana mkondo, na kubana huko kunasikika kama mkwaruzo hata volumu ikiwa ya kati. Unga jozi mbili za mfululizo kisha uziweke sambamba, utarudi kwenye omu 8.

Wapo wanaosema amplifaya ndogo huunguza spika kubwa. Kuna kweli ndani yake, na sababu zake ni mbili. Wimbi lililokatwa mpaka likawa la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile. Isitoshe, unapoendelea kuisukuma amplifaya iliyokwisha kuishiwa, besi haina pa kupanda lakini sauti za juu zinaendelea kupanda, na twita, ambayo imeundwa kubeba sehemu ndogo tu ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, inalishwa mfululizo bila kupumzika. Ndiyo maana twita hufa kwanza na wufa, yaani spika ya besi, hubaki nzima. Taa ya kukata vichwa ikiwaka kidogo tu kila ngoma inapogonga si janga. Ikibaki inawaka, shusha.

Kuna mkwaruzo mmoja wa amplifaya wenye tabia ya kinyume: unasikika sauti ikiwa ndogo na unapotea ikiongezwa. Huo hautokani na kichwa cha wimbi, unatokana na kiuno chake. Transista moja husukuma nusu ya juu na nyingine nusu ya chini, na kila moja inahitaji kama volti 0.6 kabla haijaamka. Zisipopewa mkondo kidogo wa kuziweka macho, wimbi linapovuka sifuri kuna pengo ambapo hakuna anayefanya kazi. Kwenye sauti kubwa pengo hilo ni dogo kulinganisha na wimbi lote, kwenye sauti ndogo ni sehemu kubwa yake. Fundi wa elektroniki hulitibu kwa kurekebisha mkondo wa kupumzika, akipima milivolti juu ya ukinzani mdogo ulio kwenye emita, mguu mmoja wa transista. Kwa mfano milivolti 5 juu ya omu 0.22 ni miliampea 23 hivi. Kiwango sahihi hutoka kwenye karatasi za amplifaya hiyo, na hupimwa ikiwa imeshapata joto, maana transista ikipata moto mkondo hupanda. Anayezidisha ili awe salama ataiunguza.

Sasa spika. Hata ikiwa nzima, spika ndiyo kiungo kinachoongeza mkwaruzo kuliko vyote: amplifaya nzuri iko chini ya asilimia 0.1, wakati wufa inayofanya kazi kwa nguvu kwenye besi hufika asilimia kadhaa. Sababu ni mwendo. Ukitaka ukubwa uleule wa sauti kwa masafa nusu, koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Hz 80 ikihitaji milimita 1, Hz 40 inataka milimita 4, na koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inaanza kutoka nje ya sumaku. Kwa hiyo dawa ya bure kuliko zote ni kile kitufe cha kukata besi chini ya Hz 80 au Hz 100 kilicho kwenye chaneli za maiki za mikisa nyingi. Kibonyeze kwa maiki zote za kuzungumzia. Huko chini hakuna kinacholifanya neno lieleweke, kuna pumzi, mshindo wa jukwaa na upepo tu, navyo vinaisukuma koni bure.

Spika iliyoumia hupimwa hivi. Zima kila kitu, chomoa waya. Weka vidole vinne kwa umbali sawa kuzunguka kifuniko cha katikati, sukuma koni taratibu milimita 3 au 4, sikiliza kwa sikio karibu. Ikienda kimya, koili iko sawa. Ikikwaruza kama mchanga, koili imepinda kwa moto au imehama katikati. Pima kwa mita: spika ya omu 8 ikiwa nzima husoma kati ya omu 5.5 na 7, ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.8. Isiposoma chochote, koili imekatika, na ikisoma pungufu sana, imeungua na mizunguko yake inagusana. Kisha rudisha waya, cheza toni inayopanda taratibu kutoka Hz 30 hadi Hz 300 kwa sauti ya wastani, na upitishe mkono kwenye boksi. Mara nyingi kinachonguruma si spika hata kidogo: ni skrubu iliyolegea, wavu wa mbele, mpini, au mbao iliyoachana na gundi. Nguruma ya namna hii hutokea kwenye masafa fulani tu kisha ikapotea, na hiyo ndiyo alama yake.

Koni ya karatasi iliyochanika sentimita mbili inatibika kwa karatasi laini na gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo, pande zote mbili, ukaiacha ikauke usiku kucha. Koili iliyopinda haina kiraka. Inabadilishwa pamoja na koni yake. Fundi anayebadilisha bila kuweka vipande vya plastiki vyenye unene sawa kuzunguka nguzo ya sumaku, ili koili ikae katikati mpaka gundi ishike, atakurudishia spika inayokwaruza upya.

Kabla ya kununua chochote, ondoa pia visingizio viwili. Kimoja ni spika mbili zilizoungwa kinyume, chanya na hasi zikabadilishana upande mmoja. Besi inapotea katikati ya ukumbi na sauti inakuwa kama imetobolewa. Betri ya volti 1.5 ikiguswa kwenye waya itakuonyesha: koni zote zinatakiwa kuruka upande mmoja. Kingine ni maiki mbili zilizo wazi mbele ya mtu mmoja. Umbali ukitofautiana sentimita 34, sauti ya pili inachelewa milisekunde moja, na Hz 500, Hz 1,500 na Hz 2,500 zinafutana. Funga moja. Hakuna kilichoongezeka hapo, ni uwiano umevurugika tu, kwa hiyo ni aina ile ya kwanza niliyoanza nayo, na inapona mara moja.

Wasikilizaji wa redio ya masafa mafupi wanaijua aina nyingine kabisa, ambayo haihusiani na ubovu wa kifaa chochote. Matangazo ya Kiswahili ya BBC yalianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa miongo mingi yalifika Afrika Mashariki yakidunda kwenye tabaka la juu la angahewa. Wimbi hilo hufika kwa njia zaidi ya moja, moja ndefu kuliko nyingine, na njia hizo zikikutana masafa fulani yanafutana kwa sekunde kadhaa. Sasa, matangazo hayo yalitumia AM, ambayo ina wimbi mbebaji katikati na sauti yenyewe pembeni kulia na kushoto. Kinachofutika kikiwa ni sauti, unasikia kupungua tu. Kikiwa ni mbebaji, sauti iliyobaki inakuwa kubwa kuliko inayoibeba, na kipokezi cha kawaida, kinachofuata umbo la nje la wimbi, kinalisoma vibaya. Ndipo sauti ya mtangazaji inaponguruma na kupinda, kisha ghafla inarudi safi bila mtu kugusa kitu. Kusogeza antena husaidia kwa bahati. Dawa yenye uhakika ni redio inayotengeneza mbebaji wake yenyewe ndani, au inayoweza kusikiliza upande mmoja tu. Kwenye redio yenye kitufe cha SSB, rekebisha mpaka mluzi upotee na sauti iwe ya kawaida. Nafasi nyembamba hiyo ikipatikana, ule mnguruko unapungua sana.

Na kuna wanaoutafuta mkwaruzo kwa makusudi, nao wana haki kamili. Huko Memphis mwaka 1951, amplifaya ya gitaa iliyoumia safarini ilijazwa karatasi kwenye spika na kurekodiwa hivyo hivyo. Nashville mwanzoni mwa miaka ya 1960, chaneli mbovu ya mikisa iliharibu sauti ya besi ya mpiga gitaa Grady Martin studioni, na fundi mitambo Glenn Snoddy, badala ya kuitupa, akatengeneza saketi ya kuuiga mkwaruzo ule. Mwaka 1962 ikauzwa na Gibson kwa jina la Maestro FZ-1. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono Nº1 waliikuza likembe, kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole, kwa maiki walizoziunda kwa sumaku za vipuri chakavu vya magari, wakaitoa kwenye vipaza sauti vya honi, ikapigana na kelele za barabara na kushinda. Wala ladha hiyo haikuletwa na umeme. Mbira ya Washona wa Zimbabwe, ndugu wa likembe, hufungwa makombe au vifuniko vya chupa makusudi ili kila noti iwe na mtetemo wake.

Hesabu ya noti inaeleza kwa nini wapiga gitaa la mkwaruzo hupenda noti mbili tu. A ya Hz 440 na E ya Hz 660 zikikatwa vichwa pamoja zinazaa Hz 220 na Hz 880, zote mbili ni A. Mkwaruzo unaongeza nguvu bila kuchafua. Weka ile C kali katikati na unarudi kwenye uji wa kwaya. Mpigaji wa rumba anayetembeza noti tatu na nne juu ya nyuzi nyembamba anahitaji amplifaya safi, na fundi anayemwekea mkwaruzo kwa kudhani ni mtindo anamharibia kazi.

Pedali zenyewe hukata vichwa kwa dayodi mbili zilizoelekezwa kinyume. Za silikoni hukata kwenye volti 0.6 hivi, za jerimani karibu 0.3 na kwa ulaini zaidi, za taa za LED nyekundu karibu 1.7 zikiacha nafasi kubwa kabla ya kukata. Ukitaka mkwaruzo huo ukae vizuri, uache uingie mahali pamoja tu. Gaini ya mikisa ibaki safi, maana mkwaruzo wa pili juu ya wa kwanza unafuta umbo la noti. Na usiichomeke pedali moja kwa moja kwenye mikisa. Spika ya gitaa huishiwa nguvu juu ya Hz 5,000 hivi na kuzimeza harmoniki za juu kabisa, ilhali spika za ukumbi huzitoa zote, na gitaa linavuma kama nyuki. Weka maiki mbele ya spika ya gitaa, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye wavu, ukiielekeza pembeni kidogo ya kifuniko cha katikati, au kata masafa ya juu ya chaneli hiyo kuanzia Hz 5,000.